Msimsingizie Mungu vifo vya uzembe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba univumilie kwa urefu. Jambo lenyewe nimelibeba kwa muda na halikubali kufupishwa.

Mimi ni fundi wa majeneza huku Magongo, Mombasa. Jumapili ni msomaji katika kanisa letu la Kianglikana: nasoma masomo na kuongoza sala mchungaji asipokuwapo. Kazi hizi mbili zimenipeleka kwenye mazishi mengi, maana jeneza nikishalikabidhi huwa nalifuata mpaka kaburini, nihakikishe vishikio vimeshika na kamba zimepita sawasawa. Nimesimama Manyimbo, nimesimama Mbaraki, nimepanda milima ya Taita nyuma ya gari la maiti. Kote huko nimesikia kauli moja kutoka kwa wahubiri wa kila dhehebu, wazee wa mtaa na wanasiasa waliokuja na bahasha: "Kazi ya Mungu haina makosa."

Kauli hiyo ni kweli na ninaiamini. Ninachokipinga ni sisi kumwandikia Mungu kazi ambayo si yake, kisha tukaisifu kwamba haina makosa.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, nilitengeneza jeneza la futi tatu na nusu. Mtoto alikuwa wa miaka minne. Nyuma ya vyumba wanavyopanga wazazi wake pana shimo la maji taka ambalo mfuniko wake wa zege ulipasuka ukaporomoka. Wapangaji walimwambia mwenye ploti. Wakamwambia tena. Kilicholetwa ni bati kuukuu likalazwa juu, na jiwe la kulizuia. Usiku mmoja mvua ikanyesha sana, maji yakatapakaa uani, na kulipopambazuka bati lilikuwa limesogea na hakuna aliyeweza kuona shimo linaanzia wapi. Mtoto alitoka kufuata ndara zake zilizokuwa zikielea.

Mazishini mwenye ploti aliketi mstari wa mbele chini ya hema. Alikuwa ametoa mchango mzuri, na jina lake lilisomwa kwenye kipaza sauti. Mhubiri (simtaji yeye wala dhehebu lake, kwa kuwa alisema waliyoyasema wengi kabla yake) akatueleza kwamba Mungu ana bustani mbinguni, na anapotaka kuipamba huchuma ua lililo zuri kuliko yote. Akafungua Ayubu sura ya kwanza: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe." Akamalizia kwa ile kauli. Watu wakaitikia Amina, na Amina ya mwenye ploti niliisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu naye.

Siku chache baadaye mamake mtoto alikuja karakana kumalizia deni la jeneza. Akahesabu noti, akanipa, kisha akabaki amesimama kati ya mbao. "Fundi," akasema, "wewe husoma Biblia kanisani. Hebu niambie. Mungu mwenye maua yote hayo alimtakia nini wangu, nami nilikuwa naye huyo mmoja?"

Mama huyo hajakanyaga kanisa tangu siku ya mazishi, na simlaumu. Ningeambiwa mimi kwamba jirani yangu amemtumbukiza mwanangu shimoni ili apate kupamba nyumba yake, nisingemwendea jirani huyo kila Jumapili kumwimbia.

Wachungaji wangu na mapadri mnisikilize hapo. Kwa yale maneno ya chini ya hema tulifanya mambo mawili kwa pamoja: tulimsafisha mwenye ploti na tukamchafua Mungu. Amri ya tisa inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Nani aliyetupa ruhusa ya kumshuhudia uongo Mungu mwenyewe, tena mbele ya mzazi aliyefiwa?

Mombasa tuna mazoea haya ya zamani. Aprili 29, 1994 nilikuwa kijana ninayejifunza ufundi kwa mjomba wangu. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, watu wakivuka kwenda kazini kisiwani, feri ya Mtongwe ikapinduka si mbali na nchi kavu. Watu 272 walikufa. Chombo kilikuwa kimebeba watu kupita uwezo wake, na habari hiyo ilikuwa midomoni mwa mji mzima kabla jua halijatua. Sisi tulipiga randa usiku na mchana. Mbao zilipotuishia mjomba akatoa mninga aliokuwa ameuweka kwa kabati ya harusi ya mteja, akaukata bila kusema neno. Katika maziko mojawapo ya wiki ile nilimsikia mhubiri akisema kwamba saa ya kila mmoja wao ilikuwa imeshaandikwa. Hata wasingepanda feri wangekufa kwa njia nyingine siku ile ile. Nilikuwa kijana tu, lakini swali likanijia palepale, na halijaondoka: saa za watu 272 ziliandikwa zote zigongane asubuhi moja, ndani ya chombo kimoja, nacho kikatokea kuwa ndicho kilichojaa kupita kiasi? Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, mama na bintiye wakazama nalo na ikachukua karibu wiki mbili kuwatoa, nilisikia mahubiri yale yale, mitaani na makanisani.

Sasa tumwendee Ayubu, maana ndiye anayeletwa kila mara. Maneno ya "Bwana alitoa" aliyasema nani? Aliyasema Ayubu mwenyewe, baba wa watoto kumi waliokufa kwa mpigo mmoja, akiwa amerarua joho lake na kunyoa kichwa chake. Hakuna aliyemwambia ayaseme. Mfiwa akifika mahali pa kutamka hivyo kwa kinywa chake, hiyo ni sadaka yake, na mimi huinamisha kichwa mbele yake. Mtu mwingine kumsomea mfiwa maneno hayo kwenye kipaza sauti ni jambo jingine kabisa.

Na Biblia inao watu waliofanya hilo jambo jingine. Elifazi, Bildadi na Sofari walitoka mbali kuja kumfariji rafiki yao, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, na hakuna aliyenena neno kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Mpaka hapo yalikuwa matanga mema. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Sura baada ya sura wanamtetea Mungu: Mungu hakosei, Mungu haonei, lazima iwepo sababu, mtu asiye na hatia aliangamia lini? Ukiyasoma yale maneno bila majina ya waliosema, utadhani yamenukuliwa mazishini Changamwe wiki iliyopita. Kisha fika sura ya 42. Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa kumhusu yeye, kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Ayubu, aliyeilaani siku aliyozaliwa! Ayubu, aliyetaka kumpeleka Mungu hukumuni wajibizane! Waliojipa kazi ya kumtetea Mungu ndio walioambiwa wapeleke ng'ombe waume saba na kondoo waume saba kwa ajili ya sadaka, na kwamba Ayubu ndiye atakayewaombea. Nikiisoma sura hiyo natetemeka. Ningependa kila anayesimama kuhubiri mazishini aisome kabla ya kuifungua ile ya kwanza.

Hapa kwetu tuna kaburi linalonifundisha jambo hilohilo. Mmishenari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huohuo mkewe Rosina akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Kaburi liko ng'ambo, upande wa Nyali. Krapf aliwaandikia waliomtuma kule Uingereza kwamba kaburi lile la upweke katika pwani hii lihesabiwe kuwa ishara, kwamba saa ya kuipelekea Injili Afrika kutoka upande wa mashariki imekaribia. Huyo naye alikuwa mfiwa, ameandika akiwa anaugua homa ileile, na ni haki yake kuliona kaburi la mkewe kwa macho ya imani yake. Lakini lau mtu mwingine angesimama juu ya mchanga ule mbichi akamwambia, "Krapf, Mungu alimhitaji mkeo awe ishara," mtu huyo ningemwita Elifazi.

Basi Mungu wa Biblia husema nini mtu anapokufa kwa uzembe wa mwingine? Moyo wangu huchangamka hapa, kwa kuwa amesema waziwazi na sisi hatusomi. Fungua Kutoka 21, mwisho wa sura. Mtu akifunua shimo, au akichimba shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda akatumbukia humo, mwenye shimo atalipa. Shimo lisilofunikwa, ndugu zangu! Mungu aliyeshuka juu ya Sinai kwa moto na moshi na sauti ya baragumu hakuona haya kushughulika na mifuniko ya mashimo, tena kwa ajili ya punda. Katika sura hiyohiyo kuna ng'ombe aliyezoea kupiga watu pembe. Akiua mtu, mwenyewe huulizwa jambo moja: alikuwa ameonywa? Kama hakujua, ng'ombe peke yake hupigwa kwa mawe. Kama alionywa na hakumfunga, hatia ya damu ni yake yeye mwenye ng'ombe. Wale wapangaji waliomwambia mwenye ploti, wakamwambia tena, walikuwa wakitenda lile ambalo sheria ya Musa inalitambua kwa jina lake.

Nenda tena Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. Ukijenga nyumba mpya, ifanyie ukuta kuzunguka dari la juu, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako mtu akianguka kutoka huko. Mungu hasemi, "Aanguke atakayeanguka, saa yake imefika." Anamwambia fundi: weka ukuta. Mimi ni fundi, na ninaona fahari kwamba Muumba wa mbingu na nchi ameandika sheria kuhusu kingo za paa.

Lakini mahali panaponishika kuliko pote ni sura moja nyuma yake, ya 21. Maiti imekutwa shambani, hajulikani aliyemuua. Wafanye nini? Wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka pale alipolala aliyeuawa mpaka miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi watwae mtamba ambaye hajafanyishwa kazi, wamvunje shingo bondeni penye maji yanayotiririka, wanawe mikono yao juu yake, watamke mbele za Mungu kwamba mikono yao haikuimwaga damu ile na macho yao hayakuona. Nashika futi kamba kila siku ya kazi, nikiwapima waliolala, na sura hii hainipitii bure. Marehemu hana jina, hana jamaa, hana kesi. Na bado Mungu hawaambii wamzike waseme ni mapenzi yake. Anawatuma wazee wakapime. Anataka mji mzima ujiulize una umbali gani na ile damu.

Mungu anayeuliza namna hiyo tulishamkuta mapema zaidi, Mwanzo sura ya 4. "Yuko wapi Habili ndugu yako?" Kaini anajibu kwa maneno ya ukali, naye Mungu anamwambia sauti ya damu ya ndugu yake inamlilia kutoka katika ardhi. Katika kifo cha kwanza cha mwanadamu kilichoandikwa katika Biblia, Mungu amesimama upande wa aliyelala chini na anamhoji aliye hai. Kama kungekuwa na mhubiri wetu pale kondeni angemwambia Adamu na Hawa kwamba Bwana ametwaa.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa kanisani kwetu. Nitaambiwa namvua Mungu enzi yake. Nitasomewa Isaya 45, pale Bwana anaposema yeye ndiye aiumbaye nuru na kulihuluku giza, afanyaye suluhu na kuhuluku ubaya. Nayaamini maneno hayo pia. Yaliambiwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, katika habari za falme na vita na uhamisho, kumjulisha kwamba hakuna miungu miwili inayogawana dunia, mmoja wa mema na mwingine wa mabaya. Yuko mmoja. Hakuna shimo Magongo lililo nje ya milki yake. Hata shomoro haanguki chini pasipo Baba, alivyosema Bwana wetu. Lakini shomoro kuanguka mbele ya macho ya Baba, na Baba kumpiga shomoro jiwe, ni mambo mawili, na sisi tunayafanya moja kila tunapozika.

Na wanaosema kila kinachotokea ni mapenzi ya Mungu, nawauliza: kwa nini basi Yesu alitufundisha tuombe mapenzi yake yatimizwe hapa duniani kama huko mbinguni? Ikiwa yameshatimizwa yote, pamoja na bati lile lililosogea, sala hiyo ni ya nini? Tunaiomba kwa sababu duniani humu yako mengi yasiyokuwa mapenzi yake. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti. Amesema adui. Sisi tunasimama makaburini tukimshukuru Mungu kwa kazi ya adui yake.

Augustino, mwana wa Afrika, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria, alisumbuka na swali hili ujana wake wote: ikiwa Mungu aliumba vyote na vyote ni vyema, uovu umetoka wapi? Jibu alilolifikia ni kwamba uovu hauna kiini chake wenyewe kama kitu kilichoumbwa; ni upungufu wa jema lililopaswa kuwapo. Alikufa mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuyawaza mabaya kutoka mbali. Watu wengi huona jibu lake ni la wasomi. Mimi nilipokwenda kulitazama lile shimo nililielewa. Palipaswa kuwa na mfuniko, hapakuwa na mfuniko. Mungu hakuumba kile kilichomuua mtoto yule, maana hakuna kilichoumbwa pale. Kuna kilichoachwa bila kufanywa, na aliyekiacha ana jina, ana simu na ana risiti za kodi za kila mwezi.

Jambo hili si la kupimana akili. Mwaka 2023 sote tuliona Shakahola, Kilifi jirani hapa, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kwenda kumwona Yesu. Watu hufa kwa sababu ya yale wanayoambiwa kuhusu Mungu alivyo na anachokitaka. Siwafananishi wahubiri wetu wa mazishi na yaliyotendeka msituni kule. Nasema tu kwamba tukishawazoeza waumini kuamini Mungu hutaka watoto wafe, tumewaachia mlango wazi mtu mwingine kuja kuupitia.

Sasa, huyo Mungu aliyesimama upande wa aliyelala chini, je, yeye mwenyewe huumia? Swali hili nililiuliza tulipokuwa tukifunzwa usomaji, nikaonyeshwa kifungu cha kwanza cha zile Kanuni 39 za Kianglikana: Mungu aliye hai na wa kweli ni wa milele, hana mwili, hana sehemu, hapatwi na mateso. Naelewa kwa nini wazee waliandika hivyo. Hawakutaka tuwe na mungu wa kununa na kubembelezwa, anayeamka vibaya leo na vizuri kesho. Mungu anayeyumba kama sisi hawezi kumshika anayezama. Lakini kanisa hilohilo la kale, katika Baraza la Konstantinopoli la mwaka 553, lilikiri kwamba aliyesulubiwa katika mwili, Bwana wetu Yesu Kristo, ndiye Mungu wa kweli na mmoja wa Utatu Mtakatifu. Nayashika yote mawili na sijaribu kuyapatanisha kwa werevu. Mungu hayumbi, na Mungu, ndani ya mwili alioutwaa, alipigiliwa misumari kwenye mbao. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyefungwa na serikali ya Hitler, aliandika kutoka gerezani Julai 1944 kwamba ni Mungu anayeteseka tu awezaye kutusaidia. Aprili iliyofuata wakamnyonga. Kitabu cha mtu mwenye raha kingeniambia hivyo ningesita. Kwake yeye nakubali.

Na kabla ya msalaba kuna kaburi la Lazaro, Yohana 11. Yesu anajua atamfufua. Anajua dakika chache zijazo Mariamu na Martha watamkumbatia ndugu yao. Hata hivyo anaugua rohoni, na imeandikwa, "Yesu akalia machozi." Pale palikuwa na nafasi nzuri kuliko zote ya kusema kazi ya Mungu haina makosa, na aliyekuwa na haki ya kuisema hakuisema. Alilia, kisha akawaambia waliondoe jiwe. Wakati mwingine yeye mwenyewe aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, akawageukia walio hai: msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Toba ya mwenye mnara tunaijua ni nini.

Niseme pia habari ya jirani wa wazazi wa yule mtoto, mama mmoja wa Kiislamu anayepanga chumba kinachotazamana na cha wafiwa. Watu wa dini yake hawanunui majeneza kwangu. Wao wana jeneza la msikiti linalompeleka maiti na kurudi. Wana pia mafundisho yao kuhusu kadari, ambayo siyaingilii, maana barua hii nawaandikia wa nyumba yangu. Mama huyo aliingia, akasema "Makiwa," akaketi mkekani kando ya mfiwa, akakaa naye tangu asubuhi hadi Magharibi, na kesho yake, na kesho kutwa. Akipika, akimshika mkono, akimfukuzia nzi. Wa kanisa letu wenye maelezo walikuwa wengi, na huyo ndiye aliyefanana na zile siku saba za kwanza za rafiki zake Ayubu.

Nilimjibu nini yule mama pale karakana? Nilimwambia, "Mama, Mungu hakumchuma mwanao. Mwanao alikufa kwa kuwa shimo halikufunikwa, na Mungu alikataza zamani sana mashimo kuachwa wazi." Nikamtolea Biblia, nikamsomea Kutoka 21. Akaniomba nimrudie. Nikamrudia. Kisha nikamwambia ninaloliamini, kwamba mtoto wake yuko mikononi mwa Mungu, amepokewa na yule aliyesema watoto wadogo waachwe waje kwake, na kwamba kumpokea aliyeuawa si kumuua. Hakulia. Aliniomba nimwandikie ile sura na mstari. Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa ya msasa, nikaandika mgongoni mwake kwa penseli ya kuchorea mbao. Nasikia ameipeleka kwa mzee wa mtaa.

Limebaki jambo ambalo sina jibu lake, nami nalileta hapa waziwazi. Majeneza madogo ninayotengeneza si yote ya mashimo na feri. Yapo ya vichanga waliozaliwa na moyo usiofungika vizuri. Yapo ya malaria iliyopelekwa hospitali mapema, ikatibiwa vizuri, na bado ikashinda. Pale hakuna mwenye ploti, na futi kamba ya wazee wa Kumbukumbu la Torati haina pa kuanzia. Nasema na Paulo kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja mpaka sasa, na kwamba mauti ni adui hata anapokuja bila mshirika. Zaidi ya hapo sijaweza kwenda, na mzazi akiniuliza nakaa naye chini. Najua makanisa ya Mombasa yana watu waliosoma kunizidi, waliokaa vyuoni miaka mingi, mapadri, wachungaji, masista. Mwenye neno kuhusu vichanga hao, na aandike humuhumu gazetini tusome wote.

Wako katika Kristo,
Fundi wa majeneza,
Magongo, Mombasa